Kizuri chajiuza, lakini kwa anayekiona

Haya wasomaji wangu, nimerudi. Najua niliahidi kwamba makala itakayofuata itakuwa sehemu ya pili ya ile ya hifadhidata, na wapo walioniandikia kuniuliza imepotelea wapi. Inakuja, msiwe na wasiwasi. Leo kuna jambo lingine linaloniwasha, nalo ni picha za nyumba.

Msishangae. Mimi ni mwandika programu, si dalali wala mpiga picha. Lakini mkate wangu hapa pwani ni kutengeneza tovuti, na tovuti nyingi ninazoletewa kati ya Mtwapa na Mambrui ni za watu wanaouza au kukodisha nyumba. Nimeona picha nyingi mno. Nyingine zimeuza, nyingine zimeua biashara, na moja niliichezea mimi mwenyewe kwa mkono wangu na mpaka leo naionea haya. Nitaisimulia hapo mbele.

Ninachokiamini nitakisema mapema, ili asiye na muda aondoke nacho: ukiuza nyumba Malindi, Watamu au Kilifi, mlipe mpiga picha anayeijua kazi yake. Usimlipe ili aipambe nyumba. Mlipe ili mtu aliye mbali aione ilivyo, na siku atakapofika asikute jambo la kumshtua.

Sasa kisa chenyewe.

Mwaka jana familia yetu iliamua kuuza nyumba ya marehemu babu, Malindi. Ni nyumba ya ghorofa moja, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, paa la makuti, na baraza pana juu inayotazama bahari. Iko mstari wa pili kutoka ufuoni, kwa hivyo bahari unaiona kupitia juu ya mivinje ya jirani. Aliyekuwa akiishi humo ni shangazi yangu peke yake, na magoti yake hayapandi tena zile ngazi. Warithi ni wengi na wametawanyika. Ilikuwa lazima nyumba iuzwe, mirathi igawanywe, na shangazi kwa fungu lake anunue kijumba cha chini kilicho karibu na barabara. Hesabu ilikuwa ya kubana. Nyumba ikiuzwa kwa bei ya kutupa, wengine wote wangepata chochote cha kutia mfukoni, lakini yeye angekosa pa kulala.

Binamu yangu akapiga picha kwa simu. Simu nzuri tu, wala sitaki kuilaumu. Alipiga saa saba mchana, jua likiwa utosini, mapazia yamefungwa, kamba ya nguo imekatiza baraza. Vyumba vilitoka vyeusi na madirisha yakawa mabaka meupe, huoni bahari wala mti. Akazituma kwa dalali kupitia WhatsApp. Dalali akamtumia dalali mwenzake, naye akamtumia mwingine. Kila mkono zilipopita zilizidi kufifia.

Bei zikaanza kuja, na zote zilifanana: zilikuwa bei za ploti tupu. Mmoja alisema wazi kwamba atavunja ajenge fleti. Kwa picha zile simlaumu, maana kilichoonekana ni gofu lenye nguo.

Nilikwenda kumpa shangazi habari. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, hawa wanaotaja bei wameiona nyumba?"

"Wameiona shangazi, kwenye simu."

"Basi hawajaiona."

Maneno hayo mawili yamo kichwani mwangu hadi leo, na makala hii yote ni kuyaeleza tu.

Tulipokaa kikao cha familia nikapendekeza tumlete mpiga picha wa kazi, alipwe. Ami yangu mkubwa akakataa katakata. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," akasema. "Kumlipa mtu abonyeze kidude ni israfu." Ami namheshimu, na methali hiyo ni ya wahenga. Ila kizuri chajiuza sokoni, pale mnunuzi anapokishika na kukigeuzageuza. Nyumba haipelekwi sokoni. Kinachokwenda sokoni ni picha yake.

Na hapa kwetu jambo hili lina uzito kuliko sehemu nyingi, kwa sababu mnunuzi wa nyumba ya pwani kwa kawaida si mtu wa mtaa wa pili. Angalieni historia. Waitalia walianza kuizoea Malindi tangu enzi za mradi wa roketi wa San Marco kule Ngomeni, ambako setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa Aprili 1967 kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini. Baadaye wakaja kwa wingi, wakajenga hoteli na nyumba, hata leo ukitembea Malindi utasikia mwenye duka la vinyago akibishana bei kwa Kitaliano fasaha. Kisha kuna watu wa Nairobi wanaotaka nyumba ya Desemba huko Watamu au Kilifi. Na wapo ndugu zetu walioko Doha, Muscat, London na Minnesota, wanaoweka akiba ili siku moja warudi kukaa penye upepo. Wote hao wanaamua wakiwa mbali. Kabla hajakata tiketi ya ndege au ya treni na matatu, ameshakata shauri mbele ya kioo cha simu.

Zamani hili halikuwezekana. Wale wenzangu wa miaka ile mnakumbuka intaneti ya setilaiti, ukifungua ukurasa wenye picha tano unakwenda kunywa chai, unarudi picha ya pili bado inajichora kutoka juu kwenda chini. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na tangu hapo picha ikawa ndiyo lugha ya kuuzia kila kitu. Tatizo ni kwamba njia ilipanuka, ila tunachokipitisha humo wengi wetu tumekiacha vilevile.

Mpiga picha tuliyempata ni kijana wa Kilifi. Siku ya kwanza alikuja bila kamera. Ami akanitazama kwa jicho la "nilikwambia". Kijana akazunguka nyumba na daftari, akauliza maswali. Jua linaingia chumba hiki saa ngapi? Ule ukuta wa jirani utapakwa rangi lini? Maji ya bahari yanajaa saa ngapi wiki hii? Akafungua jedwali la maji kwenye simu yake, akachagua siku, akaondoka.

Mimi nilidhani ni maringo. Baadaye nikafahamu, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, pwani yetu inatazama mashariki. Kwa hivyo uso wa nyumba ulioelekea bahari unapata jua asubuhi, na mchana ukishapinduka huwa kivulini. Ukitaka kupiga nyumba ukiwa upande wa bahari, njoo asubuhi. Ukitaka kupiga bahari ukiwa barazani, subiri alasiri, jua likiwa mgongoni mwako, ndipo rangi ya maji inajitokeza. Saa saba mchana, aliyopiga binamu yangu, haifai kwa hili wala kwa lile. Na kwa faida yenu wanunuzi: ukiona tangazo la nyumba ya ufuoni Malindi lenye jua linalozama baharini, kaa chonjo. Huku kwetu jua linazama nyuma ya minazi, upande wa bara. Labda iwe nyumba ya pale hori ya Kilifi inayotazama magharibi, hapo sawa. Lakini baharini? Hiyo mbingu imebandikwa.

Pili, maji. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa pwani yetu inapita mita 3. Ufuo uleule maji yakijaa una mawimbi na yakipwa ni uwanja wa mchanga, miamba na vidimbwi. Mpiga picha asiyejua ataleta picha ya matope na kusema bahari ndiyo hiyo. Mpiga picha mjanja kupita kiasi ataleta maji yaliyojaa peke yake, na mnunuzi atafika akidhani bahari imeibwa. Wetu alipiga yote mawili, na akaandika saa chini ya kila moja. Tena kuna Mto Sabaki: ukifurika, maji ya ghuba ya Malindi hugeuka rangi ya udongo, wakati Watamu, isiyofika kilomita 30 kusini, mara nyingi bado ni buluu. Aliyezaliwa hapa hashangai. Mtu wa Milano aliyeona picha za Januari akafika mwezi wa tano atashangaa sana.

Tatu, giza la makuti. Nyumba zetu zilijengwa kukimbia jua: paa limeshuka chini, madirisha madogo, ndani baridi na kiza. Jicho la binadamu linazoea, kamera haizoei. Ukiipima mwangaza wa chumbani, nje kunaungua. Ukiipima ya nje, chumba kinakuwa pango. Kijana alisimamisha kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, akapiga picha ileile mara tano kwa mwangaza tofauti, kisha akaziunganisha kwenye kompyuta mpaka chumba kikaonekana kama jicho linavyokiona: boriti za mkoko darini, zidaka ukutani, na nje bahari ipo. Simu za siku hizi zinafanya jambo linalofanana na hilo zenyewe, nakubali. Ila simu inakisia wapi pawe na nuru, naye alijua.

Nne, lenzi. Hapa ndipo penye vishawishi. Lenzi pana sana ya milimita 16 hugeuza choo kikawa ukumbi wa harusi. Nilimwuliza kwa nini haitumii katika vyumba vya kulala. Akanijibu, "Mnunuzi atakuja na kitanda chake, bwana. Kisipoingia atanitafuta mimi." Alitumia milimita 24 karibu kote. Penye chumba kidogo alisogea mlangoni akapiga kutoka hapo, na chumba kikabaki kidogo.

Sasa nirudi kwenye aibu yangu niliyowaahidi.

Miaka michache iliyopita dalali mmoja alinipa kazi ya tovuti. Alikuwa na nyumba ya kuuza, nzuri, isipokuwa jirani alikuwa anajenga ghorofa lililokwama: nguzo za zege zimesimama na vyuma vimechomoza kama nywele. Dalali akaniomba niliondoe. Nikafungua programu ya picha, nikakaa usiku mzima, nikapanda minazi mahali pa nguzo. Nikajisifu, wallahi. Ilikuwa kazi safi, hata mama yangu mzazi asingegundua.

Mteja akaja kutoka Nairobi na mkewe. Nilikuwepo, kwa kuwa dalali alitaka nimwonyeshe ukurasa ukifanya kazi kwenye tableti. Mwanamume alishuka garini, akatazama juu, akatazama simu yake, akatazama juu tena. Hakugomba. Alimwuliza dalali swali moja tu: "Na hati miliki nayo mmeitengeneza kwa kompyuta?" Wakapanda gari wakarudi.

Hiyo ndiyo bei ya uongo mdogo. Sisi watu wa programu tunajua kwamba mfumo ukikupa jibu moja la uongo na ukaligundua, huyaamini tena hata majibu mengine elfu yaliyo sahihi. Nyumba ile haikuwa na tatizo lolote la hati. Lakini tulikuwa tumemfundisha mnunuzi kutushuku, na kaunti hii ina historia ndefu ya migogoro ya ardhi: maskwota, mabwanyenye wasioonekana, ploti moja kuuzwa mara mbili. Mtu anayekuja kununua Kilifi anakuja na hofu tayari mfukoni. Picha ama inaipunguza ama inaiwasha.

Ndiyo maana kikao cha pili cha familia, kuhusu nyumba ya babu, kilinipa jasho. Picha za kijana zilikuwa zimefika na zilipendeza. Binamu akazitazama akasema vizuri, sasa tuondoe huu ufa wa ukuta wa ngazi, na hii waya ya stima inayokatiza mbele ya baraza. Tuandike pia "ufuo wa kibinafsi". Ami, yule aliyesema kizuri chajiuza, akaunga mkono!

Niliwaambia kuhusu nguzo za zege. Nikawaambia pia kwamba ufuo wa kibinafsi Kenya hakuna. Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Hata mwenye jumba la mstari wa kwanza hamiliki mchanga ule, sembuse sisi wa mstari wa pili tunaofika kwa kichochoro. Na kama mnunuzi ni mgeni asiye raia, Kifungu cha 65 kinampa ukodishaji usiozidi miaka 99, hata tangazo liseme nini. Mambo hayo hayamo ndani ya picha, lakini picha yenye maneno ya uongo chini yake ni uongo pia.

Shangazi ndiye aliyekata maneno. "Ufa huo ameuacha babu yenu na mimi nimepita mbele yake miaka thelathini. Nyumba haijaanguka. Mwacheni mtu auone angali kwao."

Ufa ukabaki. Waya ukabaki. Tukaongeza picha ya kisima, na chini yake tukaandika kwamba maji yake yana chumvi, ya kunywa yananunuliwa. Kijana akapiga na kichochoro cha kwenda ufuoni, pamoja na mbuzi wa jirani aliyekuwa amelala katikati.

Najua kuna watakaonipinga, na nawapa haki yao. Si kila kitu kinahitaji mpiga picha wa kulipwa. Unapangisha chumba kimoja Mtwapa, mpangaji yuko mtaa huohuo na atakuja kukiona jioni: simu inatosha, fungua mapazia tu na utoe ndoo. Unauza ploti tupu Ganze: mnunuzi anahitaji ramani, bikoni na sachi ya ofisi ya ardhi kuliko picha ya vichaka. Na kama nyumba ina kasoro kubwa, hakuna kamera itakayoiponya. Ninayoyasema yanahusu pale ambapo mnunuzi yuko mbali na nyumba yenyewe ina kitu cha kuonyesha ambacho simu ya saa saba mchana haikioni.

Wengine watasema: siku hizi kuna akili bandia, kwa nini nimlipe mtu? Kweli, programu za sasa zinaweza kutia makochi katika chumba kitupu, kujaza maji bwawa lililokauka, kubadilisha mbingu, kuotesha majani mabichi mahali pa mchanga. Kile kilichonichukua mimi usiku mzima, leo mtoto anakifanya akiwa kwenye tuk-tuk. Lakini fikirini kidogo. Kila mtu akiweza kutengeneza picha nzuri, uzuri unashuka bei. Kinachopanda ni kuaminika. Wenzetu wameanza kuliona hilo: jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2025, iliyoanza kutumika Januari 2026, inayomtaka wakala wa nyumba aseme wazi picha inapobadilishwa kwa programu na aonyeshe pia ile ya asili. Watengeneza kamera nao wameingia. Kiwango kiitwacho C2PA kinaipa picha sahihi ya kidijitali tangu inapopigwa, ili mabadiliko yaweze kufuatiliwa, na kamera ya kwanza kuuzwa ikiwa nacho ilikuwa Leica M11-P mwaka 2023. Sitarajii kijana wetu wa Kilifi anunue Leica. Nataka tu muone upepo unakovumia. Mpiga picha wa kesho atalipwa kwa kuwa alikuwepo, alisimama pale, na jina lake liko chini ya picha.

Sasa neno kwa wandika programu wenzangu, kwa sababu sisi ndio tunaoharibu kazi za watu.

Mpiga picha anakupa faili la pikseli 6,000 kwa 4,000. Usipokee kupitia WhatsApp kama picha ya kawaida, maana itapunguzwa hadi karibu pikseli 1,600 upande mrefu, na taarifa za saa na mahali zitafutwa. WhatsApp ilileta picha za ubora wa juu mwaka 2023, lakini nazo si faili la asili. Pokea kwa kiunganishi au kwa diski. Hifadhi ya asili usiiguse kamwe.

Ukishapokea, usitende kosa la upande wa pili ukamrushia msomaji faili zima. Mtu anaangalia kwa bando la simu akiwa kwenye matatu, na wewe unampakulia picha thelathini za megabaiti nane nane? Tengeneza saizi tatu au nne, simu ipewe ya simu na kompyuta ya kompyuta. Picha za chini ya ukurasa zipakiwe pale tu msomaji anapozifikia. Na tafadhali msikate picha kuwa za mraba kwa sababu tu mraba unapendeza kwenye ukurasa wenu. Nimeona baraza ya mita kumi ikikatwa ikabaki kiti kimoja.

Kisha wekeni nafasi ya maelezo chini ya kila picha: tarehe, saa, kamera ilielekea wapi, maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa. Kwenye hifadhidata ni safu nne tu, haziwagharimu kitu. Kwa mnunuzi aliye Muscat ni sawa na kumshika mkono na kumzungusha nyumba. Kama mnatumia droni, kumbukeni kanuni za 2020: inasajiliwa, na inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Malindi ina uwanja wa ndege pembeni tu mwa mji, hili si jambo la mchezo. Na watu wakitokea kwenye picha, yule mvuvi au mama anayepita na beseni kichwani, waulizwe au waondoke kwenye fremu kabla ya kubonyeza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo, na hata kama isingekuwepo, adabu ipo.

Basi mwisho wa nyumba ya babu ulikuwaje?

Tulipoweka tangazo jipya, simu zilipungua. Naam, zilipungua. Ami alitaka kuniambia jambo, akajizuia. Lakini wale wa kutaja bei ya ploti hawakupiga tena. Waliopiga waliuliza maswali ya mtu anayetaka kukaa: ufa una umri gani, makuti yalibadilishwa lini, maji ya kunywa yananunuliwa wapi. Mmoja alikuwa mama Mkenya anayefanya kazi Ghuba, muuguzi. Alipiga mara tatu kabla ya kupata likizo. Alipokuja alipanda ngazi, akasimama mbele ya ufa, akaugusa kwa kidole. Akafika barazani. Ilikuwa alasiri, maji yamekupwa, watoto wanaokota kome kwenye miamba.

"Ni hivi hivi nilivyoiona," akasema.

Alipatana bei kwa ukali, hasa kuhusu makuti, na kuna pesa tulipunguza kwa ajili yake. Lakini hakuna hata mara moja alipomtazama shangazi kwa jicho la kumshuku. Akafanya sachi yake, wakili wake akafanya kazi yake, ikaisha. Bei tuliyopata haikuwa ile ami aliyoiota, ila ilikuwa bei ya nyumba, si ya ploti. Ada ya mpiga picha ukiilinganisha na tofauti hiyo utaona haya hata kuitaja.

Shangazi sasa anakaa kwenye kijumba cha chini, hatua chache kutoka barabarani, hana ngazi hata moja. Sebuleni ametundika picha moja kubwa katika fremu. Ni ile ya ngazi za nyumba ya babu, ufa ukionekana wazi. Nilimwuliza kwa nini hakuchagua ya baraza na bahari.

"Bahari naiona nikitaka," akasema. "Ile ndiyo nyumba yetu."

Haya, nawaachia hapo. Kama una nyumba ya kuuza, fungua mapazia, anua nguo, mtafute mpiga picha atakayekuuliza jua linaingia saa ngapi. Na ile sehemu ya pili ya hifadhidata inakuja, Mungu akipenda, kabla ya kusi kuanza. Tuonane.